Kamba iwe mkononi mwa mtoto

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi kusini mwa Minnesota. Jirani yetu ni mzee wa Kimarekani, mjane, ana mbwa jike aina ya German Shorthaired Pointer, na mwanangu wa miaka 13 kutwa yuko kwake. Mbwa huyo amezaa Machi hii. Mzee anataka kumpa mwanangu mtoto mmoja wa mbwa amfunze mwenyewe, hadi ampeleke kwenye mtihani wa mbwa wa kuwinda. Mtoto hali wala halali. Mimi nina hofu tatu: mbwa katika nyumba ya Waislamu, bunduki, na kwamba miezi miwili haitapita atachoka na mbwa atabaki kuwa wangu. Tena liko jambo linanitatiza. Kila nikichungulia dirishani, kamba ya yule mbwa mkubwa imo mkononi mwa mzee, mwanangu kasimama pembeni anachezea simu. Je, mtoto wa umri huu anaweza kweli? Na mimi nisiyejua lolote kuhusu mbwa nitamtiaje moyo?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na lile la dirishani, maana hofu zako tatu ni nyepesi kuliko hilo.

Mtoto aliyesimama pembeni na simu hajamchoka mbwa, amechoka kuwa mtazamaji. Nimewaona wengi wa namna hiyo kwenye mashamba ya mazoezi ya huku. Siku za mwanzo mtoto anabeba kila kitu: kamba, filimbi, maji ya mbwa, tundu la njiwa. Mbwa anakosea mara moja, mtu mzima anasema "nipe kidogo nikuonyeshe", na hiyo kidogo haiishi. Nia si mbaya. Mtu aliyefunza mbwa maisha yake yote, mkono humwasha akiona mbwa anaharibikiwa mbele yake. Lakini kamba ikishachukuliwa mara tatu nne, mtoto ameshaelewa kwamba mbwa si wake, na simu inatoka mfukoni.

Kwa hiyo kabla hujamkubalia mwanao, nenda kwa jirani. Mpelekee mahamri, kaeni mzungumze, umpe sharti moja: mbwa huyu akija, wakati wa mazoezi kamba haishikwi na mtu mwingine. Mzee akiwa na neno, aliseme kabla ya kuanza au baada ya kumaliza. Katikati, mikono mifukoni. Jambo la hatari ni mbali, kama mbwa kukimbilia barabarani, hapo yeyote aliye karibu adake kamba. Mzee wa watu akikubali, mwanao amepata mwalimu. Akikwambia mtoto hawezi kuachiwa, mshukuru, urudi nyumbani, na mbwa mwache kwake.

Sasa, anaweza? Anaweza, na sababu iko katika aina yenyewe ya mbwa na mtihani wenyewe.

Mbwa hawa wa kazi nyingi walitengenezwa Ujerumani na nchi jirani katika karne ya 19. Waingereza wenye mashamba makubwa walikuwa na mbwa wa kila kazi: huyu wa kutafuta ndege na kuganda, yaani kusimama kimya akimwelekezea ndege pua, yule wa kuokota, mwingine wa vichakani. Ujerumani, baada ya mapinduzi ya 1848, haki ya kuwinda ilitoka mikononi mwa mabwana wakubwa, na watu wa kawaida wakaanza kuwinda katika ardhi zao. Mtu wa kawaida hana uwezo wa kulisha mbwa watano. Alitaka mmoja anayetafuta ndege uwandani, anayeganda akimpata, anayefuata mnyama aliyejeruhiwa, anayeingia majini kumtoa bata, na jioni anarudi nyumbani kukaa na watoto. German Shorthaired Pointer, Drahthaar, Weimaraner na Pudelpointer wote ni zao la mahitaji hayo, na Vizsla wa Hungaria anahesabiwa katika kundi hilohilo. Ni mbwa wa kukaa na familia nyumbani tangu mwanzo.

Huku Marekani na Kanada, chama kinachowapima mbwa hao kinaitwa NAVHDA, kilianzishwa 1969. Mtihani wake wa kwanza, ambao bila shaka ndio mzee anaousema, ni wa vipaji vya kuzaliwa. Mbwa hupimwa kabla hajapita miezi 16. Waamuzi watatu humtazama uwandani, kwenye harufu ya ndege aliyekimbia, na majini, kisha humkagua meno, macho na mwili. Kila kipengele hupewa alama 0 hadi 4, halafu alama huzidishwa kwa uzito wake: pua kwa 6, kutafuta kwa 5, maji kwa 5, kuganda kwa 4, hamu ya kazi kwa 4, kufuata harufu kwa 2, ushirikiano na mwongozaji, yaani mtu anayemfanyisha mbwa kazi, kwa 2. Jumla ya juu kabisa ni 112.

Itazame hesabu hiyo vizuri, dada. Hakuna alama ya "kaa", wala ya "lala", wala ya kuokota ndege na kumkabidhi mkononi. Wanachopima ni alichozaliwa nacho mbwa, na kama amepewa nafasi ya kukigundua. Kazi ya mwongozaji katika mwaka huo wa kwanza ni kumpeleka mbwa mahali penye majani, maji na ndege, tena na tena, bila kumvunja moyo. Kazi hiyo inataka saa nyingi na haraka kidogo sana. Nani ana saa nyingi kati ya Juni na Agosti? Si wewe, na si mimi. Mtoto wa shule yuko likizo.

Jingine: mtihani huo si mashindano. Mbwa hupimwa kwa kipimo kilichowekwa, hapimwi dhidi ya mbwa wa mwenziwe. Siku moja mbwa wote waliokuja wanaweza kupata daraja la kwanza, au asipate hata mmoja. Hakuna kundi la watoto wala la wazee, na waamuzi hawamwongezei mtoto alama kwa sababu ni mtoto. Hilo vijana hulipenda sana. (Msije mkachanganya: chama kingine kikubwa, AKC, kina cheti kiitwacho Junior Hunter, ambacho wazazi wengi hudhani ni cha watoto. Ni ngazi ya chini ya mbwa tu, mwongozaji anaweza kuwa babu.)

Sasa mwaka wenyewe. Mbwa aliyezaliwa Machi atakuja kwenu Mei akiwa na wiki nane hivi. Miezi hiyo ya kwanza mwanao asifunze kitu, atembee tu. Majani marefu yanayomfika mbwa juu ya kichwa, magogo ya kuruka, matope, mteremko. Dakika kumi na tano zinatosha kijibwa. Jambo moja tu la kurudia ni filimbi: pii-pii ndogo kila sahani ya chakula inapowekwa chini, mpaka mlio ule na kula viwe kitu kimoja kichwani mwake. Katika ardhi za umma za Minnesota mafunzo ya mbwa wa kuwinda hayaruhusiwi kati ya 16 Aprili na 14 Julai, ndege wakiwa wanaatamia chini, kwa hiyo tumieni shamba la mtu kwa idhini yake. Mzee hatakosa rafiki mkulima.

Tarehe 4 Julai mbwa atakuwa na karibu miezi minne, na usiku huo Marekani nzima inalipua fataki. Nimeona mbwa wazuri wakiharibikia hapo. Mfungieni chumba cha ndani kabisa, redio iwe juu, na mwanao akae naye. Mbwa aliyeogopa mlio katika umri huo anaweza kuogopa bunduki maisha yake yote, na mtihanini risasi bandia hufyatuliwa kusudi kuona atafanyaje. Mlio wa bunduki afundishwe baadaye, akiwa anafukuza ndege, mzee akiwa mbali sana na bastola ya risasi bandia, akisogea kidogo kila siku mpya iwapo tu mbwa hakugeuza kichwa. Hii ni kazi ya mzee kufyatua, na ya mtoto kutazama masikio na mkia.

Majini, Mei ni mapema, maziwa ya huko bado yanauma. Ngojeni Juni. Mtafutieni kidimbwi chenye ukingo wa taratibu, na mwanao aingie kwanza, maji yakimfika magotini, amwite. Asimrushe mbwa majini hata kwa utani. Akirushwa mara moja mtapoteza kiangazi kizima mkimbembeleza arudi.

Ndege ndio moyo wa kazi hii, acha nikae hapo kidogo. Mwanzoni watu hufunga bawa la ndege kwenye uzi wa fimbo ya kuvulia samaki, wakalipeperusha mbele ya kijibwa mpaka agande. Inapendeza kwenye video. Fanyeni siku mbili tatu mjifurahishe, kisha liwekeni kando, maana bawa linafunza macho na mtihani unapima pua. Kuanzia hapo tumieni njiwa hai. Mzee amfiche mmoja majanini, kwenye kitundu kinachofunguka kwa kamba, mtoto asionyeshwe alipo. Hilo la kutoonyeshwa ni la lazima. Mwongozaji akijua ndege alipo, mwili wake unamwambia mbwa, na mbwa anajifunza kumsoma mtu badala ya upepo.

Mwambie mwanao aingie uwanjani upepo ukimpiga usoni, kamba ndefu ya mita nane ikiburuta nyuma ya mbwa. Ataona mbwa anakimbia ovyo, kisha ghafla kichwa kinageuka upande kabla mwili haujageuka. Hatua zinapungua. Mkia uliokuwa ukipiga huku na huku unakaza. Mguu mmoja wa mbele unainuka na kubaki hewani. Hapo kila mtu mzima hupiga kelele, "tulia! tulia!", na ndipo mbwa wengi wanapoharibiwa, kwa sababu mbwa anaanza kuhusisha harufu ya ndege na ukali wa bwana wake. Mtoto afanye mambo mawili tu: akanyage mwisho wa kamba, na anyamaze. Mbwa akisimama, mwanao azunguke kwa pembeni, si kwa nyuma, amtangulie, na mzee avute kamba ya kitundu njiwa aruke. Mbwa akikurupuka kabla, njiwa aruke vilevile. Mbwa hapati kitu. Baada ya ndege kadhaa wa namna hiyo anaanza kuelewa mwenyewe kwamba kukurupuka kunampotezea ndege, na somo alilojipa mwenyewe halihitaji kukaripiwa.

Ninawapenda vijana katika hatua hii kwa sababu wanajua kunyamaza wakiambiwa. Wazee hatujui.

Kufuata harufu ni rahisi zaidi. Mtihanini hutumiwa fezanti, yule ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, aliyenyofolewa manyoya ili asiruke. Anaachwa akimbie majanini, na mbwa aletwe baadaye palipobaki manyoya. Mnaweza kuanza kwa kumburuta ndege aliyekufa kwa uzi, mita ishirini, kisha hamsini, mwishoni mbwa amkute. Kosa la vijana hapa ni pupa. Kamba ipitishwe ndani ya kola bila kufungwa, ncha zote mbili mkononi. Mbwa aachwe anuse manyoya mpaka pua ishuke na kukaa chini, watembee naye hatua chache, ndipo ncha moja iachiwe, kamba iteleze yenyewe, mbwa aende. Mwanao afanye zoezi la kuachia kamba bila mbwa kwanza, kwenye mguu wa meza. Utacheka, lakini siku ya mtihani vidole hutetemeka.

Oktoba msimu wa fezanti ukifunguliwa, mzee awachukue wote wawili porini. Ndege wa kweli humfunza mbwa mambo ambayo njiwa wa tundu hawezi. Majira ya baridi ni ya adabu ya nyumbani: kuja akiitwa, kutembea kando, kusubiri sahani. Halafu masika, Mei au Juni, mtihani, mbwa akiwa na miezi 14 au 15.

Kuna vitu ambavyo asipewe. Kola ya umeme si ya mkono wa mtoto, na mzee akiwa nayo ibaki kwake. Vilevile mafunzo ya kumlazimisha mbwa kushika na kuokota, yale ya kumbana sikio au kidole, yanataka mtu mzima mwenye moyo uliotulia, na mwaka wa kwanza hayahitajiki kabisa. Wapo watakaokuambia samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa hawa, ukimkunja mbichi unapata mbwa anayetembea nyuma ya kisigino chako akisubiri ruhusa ya kunusa.

Nije kwenye hofu zako.

Mbwa na dini. Unajua kwamba makatazo ya kufuga mbwa yamemtoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na Sura ya al-Maida, aya ya 4, imehalalisha kinachokamatwa na wanyama wa kuwinda waliofunzwa, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa. Kwa hiyo kumfuga kwa kazi hii si jambo geni katika dini. Kinachobaki ni unajisi wa mate kwa sisi Mashafii, kuosha mara saba moja kwa udongo, na hilo ni suala la mpangilio. Kwa Minnesota huwezi kumlaza nje mbwa mwenye manyoya mafupi, Januari baridi hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mpeni chumba kidogo cha mlango wa nyuma, au gereji yenye joto, na lango la kumzuia asiingie sebuleni. Sahani zake zisichanganyike na zenu. Mwanao awe na koti na suruali za mbwa zinazoning'inia hukohuko mlangoni, abadilishe kabla ya kuingia kuswali. Kuhusu nyama ya ndege aliyebebwa mdomoni, muulize sheikh wenu namna ya kuosha.

Bunduki. Mtihani wa kwanza hauhitaji mwongozaji afyatue risasi, na mwaka mzima nilioueleza hapa mwanao hashiki silaha. Akija kutaka, jimbo lina kozi ya usalama wa bunduki inayopokea watoto kuanzia miaka 11, na nakushauri uikae nawe pembeni yake. Porini msimu ukiwa wazi avae nguo ya rangi ya chungwa kali juu ya kiuno, ni sheria, na asiende bila mzee. Mtoto wetu peke yake kwenye shamba la watu na mbwa wa kuwinda, hata bila bunduki, mimi simshauri.

Kuchoka. Atachoka, kila mtu huchoka Februari. Kinachomrudisha mtoto ni mbwa kuwa anamtegemea yeye na si wewe. Kwa hiyo usimlishe mbwa ukimwonea huruma mtoto amechelewa kuamka. Mwamshe mtoto. Kukagua kupe baada ya kila matembezi, masikioni, kwapani na katikati ya vidole, ni kazi yake pia. Kupe wa Minnesota huleta ugonjwa wa Lyme kwa mbwa na kwa watu, basi akimaliza mbwa ajikague mwenyewe.

Na wewe usiyejua mbwa una nafasi nzuri kuliko unavyodhani. Usimsifu ovyo, vijana wa umri huo wanazijua sifa za bure. Muulize. "Leo upepo ulikuwa unatoka wapi?" "Aliganda umbali gani na ndege?" "Kwa nini alirudi kwako bila kuitwa?" Hujui jibu, naye anajua hujui, kwa hiyo atakueleza kweli. Mnunulie daftari aandike mistari mitatu kila siku ya mazoezi. Mtafutieni na wenzake: klabu za NAVHDA huwa na siku za mazoezi za pamoja, na vilabu vya vijana vya 4-H vina kundi la mbwa, ni mambo ya namna ya 4-K tuliyokuwa nayo shuleni Kenya, ila kule tulipalilia mahindi.

Jambo moja umwandae nalo mapema. Jioni ya mtihani waamuzi husoma alama za kila mbwa kwa sauti mbele ya watu wote, na kueleza kilichopungua. Mbwa akipata 1 majini, itasemwa. Watu wazima nimewaona wakiondoka kabla ya kusomewa. Mwanao ajue tangu mwanzo kwamba kinachosomwa ni cha mbwa, siku hiyo, na kwamba atasimama mpaka mwisho na kuwashukuru waamuzi. Mbwa akipungukiwa, na miezi 16 ikiwa bado haijatimia, anaweza kujaribu tena.

Mwezi huu fanya haya: zungumza na mzee, mpimie mbwa nafasi ya mlango wa nyuma, na mtafute daktari wa mifugo wa karibu kwa chanjo na dawa ya kupe. Kabla mwaka haujaisha, mwanao mwenyewe, si mzee, aiandikie klabu ya karibu kuuliza tarehe za mtihani wa masika na namna ya kujiandikisha. Nafasi ni chache na huwahi kujaa.